Mti wa mtoni uliopewa jina la kilimani

Wiki iliyopita simu iliniambia imejaa, ikabidi nikae chini nipunguze vitu, nikaanza na namba za watu, na ndo nikagundua kwamba kwenye simu yangu karibu hakuna mtu mwenye jina lake kamili. Kuna Asha Buguruni, kuna Fundi Friji, kuna Musa Kivukoni, kuna mmoja nimemwandika "Yule wa harusini" na hata sikumbuki ilikuwa harusi ya nani. Asha mwenyewe ana miaka sita hayupo Buguruni, kaolewa Tabora huko, ana watoto wawili, lakini akipiga bado inaandika Asha Buguruni maana ndipo nilipomkutia. Naanza na hili kwa sababu kuna mti nataka kuwahadithia, na nisipoanza na simu huko mbele hamtanielewa.

Mti wenyewe uko Adelaide, Australia ya Kusini, pembeni ya mto Torrens, kama dakika nne kwa mguu kutoka ninapofanya kazi. Nahudumia wazee, zamu ya asubuhi, na muda wa mapumziko nabeba hotpoti langu naenda kukaa kwenye benchi jirani na huo mti (jirani, si chini yake, nitaeleza kwa nini). Ni mkaratusi. Ila usifikirie ile mikaratusi ya kwetu iliyopandwa mistari mistari kama gwaride, mirefu myembamba inasubiri kukatwa iwe nguzo za umeme. Huu ni jimti. Shina lake tukishikana mikono watu watatu sidhani kama tunalimaliza, kwa chini magome yamekunjamana, magumu, rangi ya majivu, alafu ukipandisha macho linageuka laini kabisa, jeupe lenye mabaka ya kijivu na ya pinki na ya kahawia, kama ukuta wa nyumba ambao rangi mpya imebanduka ikaonekana ya zamani na ya zamani yake. Matawi yamejipinda yote yanataka kwenda majini. Majani yananing'inia wima ncha chini, jua likija linapita pembeni yake, kwa hiyo kivuli chake ni cha kichoyo, unakaa unadhani uko kivulini kumbe unaungua taratibu.

Siku moja nikaupiga picha nikamtumia mama WhatsApp, nikaweka na voisi, "Shikamoo mama, huu ndo mti ninaokulia chakula." Mama hajawahi kunijibu kwa maandishi hata siku moja, akarudisha voisi: "Marahaba mwanangu. Sasa huo si mkaratusi? Mbona umenenepa hivyo?" Nikacheka peke yangu pale benchi mpaka bibi mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akageuka. Voisi ya pili ikaingia: "Na huko wao wanauitaje?" Nikamwambia wanauita red gum, yaani gamu nyekundu. Ikapita kimya kidogo. "Gamu? Ya kubandikia?"

Karibu na hiyo mama. Mti ukijeruhiwa unatoa utomvu mzito mwekundu unaoganda juu ya gome kama damu ya kidonda, na ndo maana Wazungu walipofika huku wakaiita jamii yote hii miti ya gamu. Huu ukiupasua na mbao zake ni nyekundu, na unapenda kukaa mtoni, kwa hiyo jina lake refu ni gamu nyekundu ya mtoni. Mimi naliona ni jina zuri tu, linajieleza, mtu akilisikia anajua autafute wapi. Mama hakuridhika. "Hilo la mtaani. La kwenye cheti je?"

Basi nikaingia intaneti kutafuta la kwenye cheti, nikijua ni kazi ya dakika mbili, nikamaliza siku tatu.

La kwenye cheti ni Eucalyptus camaldulensis. Hilo la kwanza ni la ukoo, na ndo hilohilo sisi tumelitafunatafuna mpaka likawa mkaratusi. Ukoo una zaidi ya aina 700 na karibu zote asili yake Australia. Jina alilitunga Mfaransa mmoja, L'Héritier, mwishoni mwa miaka ya 1780, kwa tawi kavu alilolikuta London, lililochumwa mwaka 1777 kisiwani kwa Tasmania na David Nelson, jamaa wa kukusanya mimea kwenye safari ya tatu ya Kapteni Cook. Ni Kigiriki: eu ni vizuri, kalyptos ni kilichofunikwa. Aliyefunikwa vizuri, kama tungesema aliyesitirika.

Nikawa najiuliza, kafunikwa nini huyu, mbona anabambuka magome hovyo anabaki uchi? Kesho yake nikaenda na swali langu mtini. Chini palikuwa na kitawi kimeangushwa na kasuku (kasuku wa huku ni waharibifu, wanakula kidogo wanatupa kingi), kina matumba ya maua yamejikusanya pamoja, nikayahesabu yalikuwa tisa, kila moja dogo kuliko punje ya dengu na lina kikonyo chake. Tumba moja lina sehemu mbili, kikombe chini na kifuniko juu, na pale vinapokutana kuna mstari mwembamba kabisa kama wa kifuniko cha kopo la dawa. Nikaweka ukucha kwenye mstari nikasukuma. Kifuniko kikaruka, aisee, kwa kamlio kadogo, na ndani nyuzi nyeupe zimejikunja kama uzi wa kushonea uliosokotwa ukashindiliwa, ukisubiri tu mtu afungue. Ua la mkaratusi halina zile petali za kawaida tunazozijua kwenye waridi, petali zenyewe ndo zimeungana zikawa kifuniko, na likiwa tayari kuchanua linakisukuma kinadondoka. Kwa hiyo L'Héritier hakubahatisha, aliangalia tumba akaona kifuniko, akaandika. Nikakitia kile kifuniko mfukoni sijui hata kwa nini.

Kingine nilichokiona, na mkishike maana kitarudi: kile kifuniko juu yake kina ncha iliyochongoka, kama mdomo wa kifaranga.

Sasa camaldulensis. Nilishajiandaa kukuta maana yake ni "wa mtoni" au "mwekundu" au "mwenye kubanduka", kitu kama hicho. Hiyo -ensis ya Kilatini ni ya mahali, sisi tungebandika m- mbele tu tukamaliza, kama Mpemba, Mngazija. Kwa hiyo mti huu ni Mkamaldoli. Nikatafuta Camaldoli iko jimbo gani Australia.

Iko Italia.

Mwanzoni nilidhani nimekosea herufi. Kisha nikaanza kufuata kamba kinyumenyume na kila nikivuta inakuja nyingine. Karibu na mwaka 1012 mtawa mmoja, Mtakatifu Romualdo, alianzisha makazi ya watawa kwenye milima ya Toscana, mahali panapoitwa Camaldoli. Watawa wenyewe wa kukaa kimya, kila mmoja na kijumba chake katikati ya msitu, kanzu nyeupe, na inasemekana hata huo msitu waliutunza vizuri sana, ila ni msitu wa misonobari, hakuna mkaratusi hata wa dawa. Shirika lao likachukua jina la pale mahali. Mwaka 1585 watawa wa shirika hilo wakapata makazi kusini kabisa, juu ya kilima kirefu kuliko vyote Napoli, mita 458, na kilima nacho kikachukua jina la watawa. Alafu kuna bwana mkubwa, Francesco Ricciardi, aliyekuwa waziri wa sheria wa ufalme wa Napoli enzi za mfalme Murat, akapewa cheo cha ukabaila wa pale: Conte wa Camaldoli. Kwenye shamba lake alikuwa na bustani ya mimea ya kigeni, matajiri wa wakati ule walikuwa wanashindana kwa hilo kama leo wanavyoshindana kwa magari. Bustani ikaitwa ya Camaldoli. Na mkuu wa bustani alikuwa Mjerumani, Friedrich Dehnhardt, ambaye mwaka 1832 alichapisha orodha ya mimea ya bosi wake, na humo ndani kulikuwa na mkaratusi mmoja ambao hakuna aliyekuwa ameshauandika rasmi. Akauandika. Akaupa jina la bustani.

Kwa hiyo: mahali pakawapa jina watawa, watawa wakakipa kilima, kilima kikampa tajiri, tajiri akaipa bustani, bustani ikaupa mti. Mti wenyewe unaishi kwenye kingo za mito inayofurika na kukauka katikati ya Australia na hauhusiani na mtu yeyote kati ya hao.

Umeona sasa kwa nini nilianza na simu? Dehnhardt alisevu namba. Alikutana na mgeni kwenye bustani ya Camaldoli, hamjui kwao, hamjui ukoo wake kwa huko alikotoka, akamwandika kwa pale alipomkutia. Mkaratusi Camaldoli. Mimi siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo, nina Musa Kivukoni ambaye anaishi Dodoma.

Ulifikaje Napoli, hiyo nayo ni safari. Wataalamu wanaamini mbegu zilichumwa mwaka 1817 karibu na palipo leo mji wa Condobolin, New South Wales, na Allan Cunningham, aliyekuwa anakusanya mimea kwa ajili ya bustani za Kew, Uingereza. Alikuwa kwenye msafara wa John Oxley, wanafuata mto Lachlan wakitaka kujua unaishia wapi, na mto ukawapeleka mpaka ukapotea kwenye matope na mabwawa, wakageuza. Ninachokipenda ni kwamba mbegu za mti huu ukizimimina kwenye kiganja ni kama vumbi la msumeno, unaweza kubeba msitu mzima kwenye bahasha ya barua. Ule mti wa Napoli ukaota, ukakaa karibu miaka mia moja, ukaja kuondolewa miaka ya 1920. Kwa hiyo ule hasa uliobeba jina haupo tena, jina lipo.

Hapa nikadhani hadithi imekwisha, kumbe kuna kesi.

Miaka ya 1844 na 1845 daktari mmoja Mjerumani, Hans Hermann Behr, alikuwa huku huku Australia ya Kusini anakusanya mimea, akaipeleka Ujerumani kwa mtaalamu wa mimea, Schlechtendal, na huyo mwaka 1847 akauandika mti huu kwa jina la Eucalyptus rostrata. Rostrata ni mwenye mdomo, mdomo wa ndege. Kile kifuniko cha tumba! Mtu alikaa na tumba mbele yake akaona nilichokiona mimi benchi kwa ukucha wangu. Jina la mti uliochumwa kwao, linalosema kitu kuhusu mti wenyewe. Na watu walilipenda, vitabu vya misitu vya zamani vimejaa rostrata, kwa miaka zaidi ya themanini karibu kila mtu alikuwa anasema rostrata.

Likaanguka kwa sheria. Kwenye majina ya mimea kanuni ni ya foleni, aliyetangulia ametangulia, hata kama aliyekuja nyuma amependeza zaidi. Camaldulensis ni ya 1832, rostrata 1847. Na kama haitoshi, Mhispania mmoja, Cavanilles, alishalitumia jina hilohilo la Eucalyptus rostrata mwaka 1797 kwa mkaratusi mwingine, kwa hiyo Schlechtendal alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtu bila kujua. Mwaka 1934 mtaalamu wa Sydney, Blakely, akalifukua lile la Napoli akalirudisha, na ndo mpaka leo. Mwaka 2009 wakaugawa mti wenyewe vijamii saba, kila kimoja na jina lake la tatu, na ule wa huku kusini umeitwa camaldulensis camaldulensis, yaani Mkamaldoli Mkamaldoli. Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kupika.

Kinachonikera kidogo ni kwamba mti ulikuwa na majina yake siku zote. Hapa Adelaide ni ardhi ya Wakaurna, wenyeji wa asili, na kwa Kikaurna mti huu ni karra. Mto niliokaa pembeni yake, wao wanauita Karrawirra Pari, mto wa msitu wa karra, na siku hizi jina hilo limeandikwa kwenye vibao pamoja na Torrens. Huyo Torrens ni mkuu wa makamishna wa koloni aliyekuwa London, kwa hiyo mto nao umesevwa kwa jina la ofisi. Ukienda mashariki kwa Wayorta Yorta, kwenye mto Murray, mti ni biyala. Ukipanda katikati ya nchi kwa Waarrernte, kule mito ni mchanga mtupu mwaka mzima, ni apere. Maana huu mti upo kila jimbo la bara, unaoukosa ni Tasmania tu, na Tasmania ndiko lilikotoka lile tawi lililoupa ukoo wote jina. Mambo ya ukoo hayo.

Wale wenyeji hawakuwa wanauita tu, walikuwa wanauishi. Kando ya Murray kuna mikaratusi mizee yenye makovu marefu kwenye shina, marefu kuliko mtu, umbo la jani. Hapo palitolewa mtumbwi. Walikuwa wanachora umbo kwenye gome, wanakata kwa shoka la jiwe, wanapenyeza vijiti kulibandua taratibu lisipasuke, wanalipasha moto likunje ncha, wanapanda majini. Mti unaendelea kuishi na kovu lake. Sisi watu wa pwani mtumbwi maana yake mti umekufa, hilo lilinishangaza sana.

Na kuna mzungu naye aliishi ndani yake, hapa naongelea ndani kabisa. Kijiji cha Springton, si mbali na hapa, kuna mkaratusi wa aina hii wenye mvungu mkubwa, na Mjerumani mhamiaji, Friedrich Herbig, alifika mwaka 1855 hana nyumba akahamia humo. Akaoa 1858, akamleta bibi harusi kwenye mti, watoto wao wawili wa kwanza kati ya kumi na sita wakazaliwa humo, wakahama 1860. Mti bado umesimama, nilienda kuuona na jamaa yangu Mkongo, akaingia ndani akazunguka akatoka akasema, "Ndugu yangu, chumba yangu ya kwanza kule Melbourne ilikuwa kidogo kuliko hii." Hakuwa anatania.

Niliahidi kueleza kuhusu benchi. Mti huu una tabia ya kuachia matawi, na hauachii siku ya upepo kama ungetegemea, unachagua siku ya joto iliyotulia, hakuna hata jani linalotikisika. Watu wa huku wanauita mfanya wajane. Januari nilikuwa benchi, joto kali, ndege wote kimya, nikasikia mlio kama wa bunduki alafu kitu kizito kikaanguka, tawi nene kama kiuno changu, hatua ishirini hivi kutoka nilipokaa. Vumbi, harufu ile ya mkaratusi ya kujifukizia mafua imejaa hewani, na pale lilipokatikia nyama ya mti nyekundu kabisa kama nyama ya buchani. Nilimaliza wali wangu nimesimama.

Vinginevyo ni mti mvumilivu mno, miaka mia tano kwake si ajabu. Ila una deni moja, unataka mafuriko. Bila mto kupanda ukaloanisha uwanda, ile miche mipya inakauka kabla mizizi haijafika kwenye maji. Ule msitu mkubwa kuliko yote wa miti hii, Barmah na Millewa huko kwenye Murray, umezoea kuzama kila majira ya kuchipua, lakini tangu mabwawa yajengwe, lile la Hume lilikamilika 1936, maji yanazuiwa yakitakiwa na miti na yanaachiwa kiangazi yakitakiwa na wakulima. Miti mingi imenyauka hivyo, miguu iko mtoni na kiu.

Nilimpigia mama nimweleze haya yote. Voisi ingekuwa ndefu mno. Akasikiliza, alinikatisha mara moja tu kuuliza wale watawa walikuwa wanakula nini, na nilipomaliza kwa kumtajia jina la kwenye cheti taratibu, ka-mal-du-len-sis, akasema hilo hawezi, ulimi wake hauna kona hizo. Nikamwambia basi mama liache, shika hilo la Wakaurna, karra, rahisi. Akasema sawa.

Jana imeingia voisi yake, ya sekunde kumi na moja. "Hujambo mwanangu. Vipi, ule mkaratusi wa kazini kwenu haujaangusha tena?"